Shingo ya Kaboni

Inspekta Bernadetta Mutayoba hakuwa mtu wa kuogopa ovyo. Wenzake kituoni walipenda kumtania kwamba Mhaya akishapewa cheo hata radi huidai kitambulisho, naye aliwaacha wacheke. Lakini asubuhi ile, alipopigiwa simu kutoka Igoma na kuambiwa kwamba Paulo Chenge hayupo chumbani kwake, wala baiskeli yake haipo, alikirudisha kikombe cha chai mezani bila kuonja. Aliogopa, na hakuwa na namna ya kulificha hilo.

Mbele yake, ndani ya mfuko wa nailoni wa vielelezo, palikuwa na kipande cha bomba jeusi chenye urefu wa kiganja. Ilikuwa shingo ya foku, lile bomba linaloanzia juu ya gurudumu la mbele, likapenya kichwani mwa fremu na kwenda kuushika usukani. Mwenye baiskeli hiyo alikuwa Elias Luhende, mwalimu wa fizikia, aliyekufa Jumamosi kwenye mteremko wa changarawe nyuma ya Kisesa. Shingo ilikatika akiwa katika kasi. Gurudumu likaenda upande wake, na Elias akaipokea barabara kwa uso.

Elias na Paulo walikuwa marafiki tangu shule ya msingi, marafiki wa kuchangia hata kandambili. Mwaka huu waliingiwa na wazimu wa baiskeli. Waliagiza mtandaoni, kutoka China, fremu mbili za kaboni za bei ya chini kuliko zote, zisizo hata na jina la aliyezitengeneza, kila moja na foku yake. Magurudumu wakayapata kwa Mkenya mmoja, breki na gia wakachambua kwenye mitumba, vingine wakabadilishana na waendesha baiskeli wa Pasiansi. Chumba cha Paulo kule Igoma kilikuwa hakitoshi hata kugeuza ufagio, kwa hiyo kila jioni walijifungia kwenye stoo ya mama yake Elias, Kisesa, wakiunga kipande baada ya kipande huku wakitazama video kwenye simu. Walitaka baiskeli za kukimbilia barabara za vumbi, kwa ajili ya mashindano ya kandokando ya ziwa.

Ajali ilipotokea, kila mtu alisema rahisi ghali. Bernadetta naye angesema hivyo na kulifunga jalada, kama asingelifuta bomba lile vumbi na kuona mikato. Ilikuwa myembamba, chini kabisa ya shingo, pale panapofunikwa na beringi, mahali ambapo mtu hawezi kupaona mpaka aifumue baiskeli. Mpasuko ulikuwa umeanzia hapohapo.

Jana yake alikuwa amemweka Paulo kitini. Katika sanduku la vifaa vya Paulo walikuta msumeno wa chuma wenye vumbi jeusi kwenye meno, na Selina, mjane wa Elias, alikuwa ameshaapa kwamba wawili hao waligombana siku chache kabla ya ajali. Paulo alieleza kwamba foku mpya huja na shingo ndefu, na anayeunga baiskeli hupunguza ncha ya juu ili usukani ukae kwa kimo chake. Vumbi lilitoka huko. Bernadetta alimsogezea mfuko.

"Na hapa chini, ulikata wewe?"

Paulo alitazama. "Hapana, afande. Hapo hapaguswi. Hapo ndipo panapombeba mtu."

"Kwa hiyo unajua kwamba anayekata hapo anaua."

Bernadetta alimruhusu aende kwa sababu ushahidi ulikuwa bado mbichi, ila alimwambia kwamba siku watakayoonana tena hatalala kwake. Sentensi hiyo alikuwa ameitumia kwa wengi, nayo huwalegeza ndimi. Huyu ilimpa miguu ya kukimbilia.

Sasa hesabu ilikuwa fupi na ya kutisha. Baiskeli mbili ziliungwa katika stoo moja, na mkono ulioikata shingo ya kwanza ulikuwa na nafasi ya kuifikia ya pili. Ama Paulo ndiye aliyemuua Elias, ama Paulo ndiye anayefuata kufa, na kwa vyovyote vile wakati huu alikuwa juu ya ile baiskeli.

Alimwita Konstebo Yakobo, dereva, kijana wa Magu mwenye mwili wa kubeba magunia mawili kwa mpigo. Akampa mfuko aushike wakati yeye anavaa kofia. Yakobo alirudi nyuma, akasema afande auweke mwenyewe kwenye kiti, yeye anatangulia kuwasha gari. Bernadetta alidhani mwenzake anaogopa kitu cha marehemu, akamsamehe. Wakaelekea Kisesa, maana alitaka kuiona tena ile stoo na kuuliza ni nani mwingine aliyekuwa akiingia humo.

Matanga yalikuwa hayajaanuliwa. Majirani walikuwa wameketi kwenye mikeka uwanjani, lakini wote upande mmoja. Upande wa pili, karibu na mlango wa stoo, Kija, mama yake Elias, alikaa peke yake juu ya kigoda na hakuna aliyemsogelea. Bernadetta alilitia jambo hilo akilini. Akamwamkia shikamoo, akampa pole, akamwomba waingie ndani wazungumze. Mama aliitikia marahaba kwa sauti ndogo. Kabla ya kuinuka aliwatazama majirani, kisha akatupa jicho uani, kisha akawatazama tena majirani.

Ndani ya stoo mlinuka mahindi na gundi. Juu ya benchi zilibaki spoki, vipande vya nyaya za breki na kopo la grisi. Bernadetta aliuliza ufunguo anakaa nao nani, akaambiwa anakaa nao mama mwenyewe. Aliuliza nani huingia, akatajiwa Elias na Paulo. Na mwingine? Hakuna mwingine. Kuhusu foku, mama alisema yeye hajui mambo hayo, ila zilitundikwa pale kwenye msumari kwa muda mrefu zikisubiri beringi zilizochelewa kufika. Alijibu upesi, na kila baada ya jibu alivuta kanga kufunika mikono yake, ingawa joto lilikuwa limeshaanza kupanda.

Bernadetta alivaa glavu, akalitoa bomba mfukoni, akasimama nalo mlangoni penye mwanga. Kituoni aliitazama ile mikato kwa taa ya mezani na kwa hasira ya mtu aliyekwisha kumpata mshitakiwa wake. Sasa aliitazama taratibu. Mtu anayetaka kuua angekata mara moja na kwa kina, kisha akaondoka. Huyu alikata juujuu, mistari miwili mifupi mbele, miwili nyuma, miwili kulia na miwili kushoto, yote kwa usawa, tena kwa utulivu wa mtu asiyeogopa kukutwa. Ndani ya mistari mlikuwa na weusi ulioificha juu ya bomba jeusi, ambao jana aliuchukulia kuwa vumbi la kaboni. Akaukwangua kwa ncha ya kalamu, akausugua kati ya vidole. Haukuwa vumbi kavu, na haukuteleza kama grisi. Ulikuwa majivu laini yaliyochanganywa na mafuta ya nyonyo. Harufu yake aliifahamu tangu utoto wake Bukoba.

Aligeuka ili amwonyeshe Yakobo. Yakobo alikuwa akitazama sakafu.

"Wewe unajua hiki ni nini," Bernadetta alisema.

"Nimejua tangu jana, afande. Niliogopa kukitaja."

"Kitaje."

"Hiyo baiskeli imechanjwa."

Kanga ya mama ilikuwa imeteleza. Kwenye kifundo cha mkono wake palikuwa na makovu ya zamani, mawili mawili, na mengine yalionekana chini ya shingo. Bernadetta hakuhitaji kufundishwa chale ni nini: mtu huchanjwa kwa wembe, dawa nyeusi ikasuguliwa ndani ya kidonda, apate kinga. Yeye mwenyewe alikuwa nazo kifuani, za degedege la utotoni, ingawa akina mama wa jumuiya yake ya kanisa hawakujua na hakukusudia wajue. Ila hakuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kukichanja chombo.

Akaufunga mlango. Sasa aliielewa ile nafasi tupu uwanjani, na hofu ikamwingia mara ya pili. Mwanamke mzee, mjane, mwenye macho mekundu kwa moshi wa miaka mingi, ambayo huku huitwa macho ya mchawi, mwanawe kafa ghafla. Likisikika neno dawa juu yake, wako watakaokuja na mapanga kabla jua halijatua. Bernadetta aliketi juu ya gunia ili asimsimamie mama wa watu kichwani, akamwahidi kwamba atakalolisema halitavuka mlango ule. Kija alilia kwanza. Alilia bila sauti, akiutazama mlango.

"Nilikwenda kwa mganga kuwatafutia watoto kinga," alisema. "Mashindano yana watu, na watu wana mambo yao. Wakakataa kuchanjwa. Walinicheka. Elias akaniambia, mayu, mama yangu, mimi ni mwalimu wa fizikia. Basi nikaichanja baiskeli badala yake. Wembe haukuingia, nikachukua msumeno wao. Niliichanja shingoni, mahali anapochanjwa mtu."

"Moja?"

"Zote mbili, mwanangu. Ningemkinga mmoja nikamwacha mwenzake? Si angesema ninamloga?"

Kwa baiskeli ya chuma, ile ya kubebea maziwa na mkaa ambayo mama huyu aliiona maisha yake yote, msumeno wa mkono mwepesi hivyo ungeacha mikwaruzo tu na safari zikaendelea. Kaboni ni nyuzi nyembamba zilizogandishwa kwa gundi, na foku ya bei ya chini haina nyuzi za akiba; ukizikata, umekikata kile kinachombeba mtu. Alitafuta njia laini ya kulisema jambo hilo na hakuipata. Akamwambia mama kwamba shingo ilikatikia kwenye chale, kwamba ya Paulo itakatikia palepale, na akamuuliza kama anajua Paulo aliko.

Kija alikuwa ameelewa yote mawili kwa wakati mmoja, lililokwisha kutokea na linalokuja, na Bernadetta aliona uso wake ukibadilika mpaka akatamani asiuone. Lakini mama hakujipa nafasi ya kulia tena.

"Alikuwa hapa," alisema. "Amelisikia gari lenu, akatoroka na baiskeli kupitia uani. Anakwenda Kayenze kutafuta boti, ana shangazi yake Ukerewe."

"Amepita lami?"

"Lami ina polisi. Amepita njia ya mlimani."

Hakuna aliyeuliza ni njia gani hiyo. Ndiyo iliyomuua Elias.

Bernadetta alimwambia mama abaki, mama akawa ameshapanda garini. Majirani waliinuka kwenye mikeka kuwatazama, na mmoja alisema kitu kilichowafanya wengine wageuke. Yakobo aliondoa gari kwa nguvu hata kuku wakatawanyika.

Walikuwa na heri moja tu. Njia ile hupanda kwanza, hupanda sana katikati ya majabali, ndipo huteremka kuelekea ziwani. Kwenye kupanda, shingo ya baiskeli haina kazi kubwa. Ni kwenye kuteremka, mtu anapolalia usukani na kuishika breki ya mbele, ndipo uzito wote huenda kukaa pale. Bernadetta alipiga namba ya Paulo, akaambiwa haipatikani. Akapiga tena, akijua jibu ni lilelile, kwa sababu mikono yake ilitaka kazi. Njiani vumbi lilikuwa limehifadhi alama ya tairi, nyembamba na yenye vinundu, na kingo zake zilikuwa bado kali. Hakuwa mbali.

Kija alikaa katikati yao, mikono mapajani, akisema maneno ya Kisukuma ambayo Bernadetta hakuyaelewa. Yakobo aliyaelewa, na hakuyatafsiri.

Karibu na kilele, kando ya njia, kulikuwa na wanawake wapasua kokoto, kila mmoja chini ya kipande chake cha turubai, nyundo zikigonga. Mbele yao, Paulo alikuwa akimalizia kupanda. Begi mgongoni, shati limelowa, akikanyaga pedeli kwa uchovu. Kati yake na mteremko palibaki mwendo mfupi sana. Yakobo alibonyeza honi na kuiachia iendelee kulia.

Paulo aligeuza kichwa. Alipoliona gari la polisi alisimama juu ya pedeli na kuongeza kasi.

"Acha honi," Bernadetta alisema. "Simamisha gari."

"Afande, tunamfikia."

"Tunamsukuma, Yakobo. Simamisha."

Gari likasimama. Bernadetta aliruka chini, akamwita kwa jina, akapiga kelele kwamba hawakuja kumkamata, asimame, baiskeli ni mbovu. Kila alivyozidi kuita ndivyo kijana alivyozidi kukanyaga. Nani angemlaumu? Sauti ileile jana ilimwambia kwamba hatalala kwake. Bernadetta alikimbia hatua chache kwenye changarawe, akasimama, kwa maana aliona wazi kwamba kijana huyu atakufa mbele ya macho yake, akimkimbia yeye.

Kija naye alikuwa ameshuka. Aliwatazama wapasua kokoto, nao wakamtazama. Walimjua, baadhi yao walikuwa kwenye mikeka ya msiba wake juzi. Bernadetta alielewa anachotaka kufanya, akamtikisia kichwa kumkataza. Alikuwa amemwahidi kwamba neno halitavuka mlango, na hapa hapakuwa na mlango wowote. Mama alimpita. Alisimama katikati ya njia, akavua kanga ya kichwani na kuipunga.

"Paulo! Simama, baba, usiteremke! Ni mimi! Nimeichanja shingo ya baiskeli yako. Ya Elias niliichanja mimi, ikamuua!"

Nyundo zikanyamaza. Mwanamke mmoja aliirudia ile kauli kwa mwenzake, polepole, kana kwamba anaipima uzito. Wa pili alishika mdomo. Kija hakugeuka kuwaangalia.

Gurudumu la mbele lilikuwa limekwisha kuvuka kilele. Bernadetta alifumba macho, jambo ambalo polisi hafundishwi kulifanya, akasubiri kusikia. Hakusikia kitu. Alipofumbua, mguu mmoja wa Paulo ulikuwa chini, na baiskeli imelala kiunoni mwake. Kijana alikuwa akimtazama mama wa rafiki yake.

Alirudi akiikokota. Hakuna aliyemkimbilia, wote walimngoja. Alipofika, Bernadetta aliichukua baiskeli kutoka mikononi mwake bila kusema neno la kipolisi hata moja. Alitaka kuwa na uhakika, kwa sababu kazi yake ilikuwa hiyo na kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Aliibana breki ya mbele, akausukuma usukani kwa uzito wa mwili wake, kidogo tu. Kutoka ndani ya kichwa cha fremu ukatoka mlio mdogo, mkavu, wa kitu kinachoachana nyuzi kwa nyuzi. Akaachia haraka na kuilaza baiskeli chini.

Yakobo alikuwa ameshajisogeza akasimama kati ya mama na wapasua kokoto, mgongo kwake, uso kwao. Wanawake wawili walikuwa wameinuka. Mmoja alikuwa ameshaweka simu sikioni. Bernadetta aliliona hilo na kujua kwamba usiku wa leo mama huyu hawezi kulala Kisesa, wala kesho, na labda wala mwakani. Alimshika mkono amrudishe garini.

Kija hakwenda. Aliinama juu ya baiskeli iliyolala, akaiwekea kiganja pale shingoni.

"Na ya Elias ililia hivi?"

Bernadetta alitaka kusema hajui. Paulo akamtangulia, machozi yakimtoka.

"Ililia wiki nzima, mayu. Tukafikiri ni beringi. Tuligombana kwa ajili hiyo, mimi nilitaka tuifumue, yeye akasema tutachelewa mashindano."

Mama aliitikia kwa kichwa, taratibu. Kiganja chake kilibaki palepale.

"Nami niliusikia mlio huo," alisema. "Kila alipokuja kunisalimia niliusikia. Nikafurahi. Nilifikiri ni dawa inafanya kazi."